Jembe la Chifu na Mvua ya Mawe

Nilipokuwa mtoto kule Iyolwa, enzi za Mwingereza, jembe halikushikwa siku inayofuata mvua ya mawe. Ardhi imepigwa, wazee walisema, iacheni ipumzike. Ukiilima na maumivu yake, mawe yatarudi. Hata sisi tuliokwenda kanisani kila Jumapili tuliufuata mwiko huo bila kuulizana.

Mwaka ule yalianguka mawe ambayo sijayaona tena. Uwanja uligeuka mweupe pe, migomba ikalala chini, mbuzi wakalia mpaka sauti zikawakauka. Watoto tulitoka kuyaokota na kuyatafuna, meno yakatufa ganzi. Nyanya, mama yake baba, alisimama mlangoni akasema kesho hakuna kwenda shamba, hata kung'oa jani.

Asubuhi akaja askari wa chifu na kiboko chake. Hakugonga kwa majirani wenye waume. Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa Msamia wa Busia, hana ndugu pale. Basi akaja kwetu moja kwa moja, na Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Wewe mama, leo nakwenda palilia pamba ya chifu. Jembe hii hapa."

"Afande, jana mawe yameanguka. Leo ni mwiko."

"Mwiko ya nani? Pamba nangoja mwiko?"

Akamchapa mgongoni mbele yetu. Nyanya alimsihi, akasukumwa kando. Mama akalichukua lile jembe, akaenda.

Jioni, mama aliporudi tu, mawe yakaanguka tena. Yakamaliza wimbi na mtama wa kijiji kizima.

Msidhani watu walimwendea chifu. Thubutu! Kesho yake walijaa uwanjani kwetu, wanaume wazima na ndevu zao, wakimwita mama mharibifu.

"Umelima wewe! Rudi kwenu Busia kabla hujatumaliza!"

Alama za kiboko zilikuwa bado zimemvimba mgongoni, na kila mtu aliziona. Nilikuwa mdogo, lakini hasira iliniingia. Mpaka leo haijanitoka.

Nyanya akaingia ndani, akatoka na lile jembe. "Aliyekataza kulima ni mimi," akasema. "Huyu amelima kwa kuchapwa. Jembe ni la chifu, na shamba ni la chifu. Twendeni tumrudishie, tumwambie aitakase ardhi yeye. Nani anakuja?"

Nyanya akaenda peke yake, bibi kizee yule, akalibwaga jembe mlangoni kwa chifu. Aliporudi, mama alikuwa ameshafungiwa nguo zake na kusindikizwa hadi njia ya Busia. Mimi nilizuiwa. Walisema ni mtoto wa ukoo wao. Nilimlilia mama mpaka nikapoteza sauti, na hakuna hata mmoja wao aliyegeuka.

Sasa nimezeeka. Wanangu waliosoma hunicheka nikikataa kushika jembe baada ya mvua ya mawe. Wacheke tu. Wazee walisema yatarudi, yakarudi. Sina ugomvi na mawe. Ugomvi wangu ni na wale wanaume. Boma la chifu lilikuwa njiani, huwezi kufika kwetu bila kulipita. Walipita mlangoni pake, wengine wakavua kofia, ndipo wakaja kumfukuza mama yangu.