Kisu Kisicholia

Kisa hiki sikukisikia kwa rafiki wa rafiki. Kilinipata mimi mwenyewe, hapa Kaptembwo, mchana, nikiwa nimekula na kushiba. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua unachofikiri: huyu amemaliza chuo, hana ajira, mawazo yamemzidi. Yamenizidi, sikatai. Naweza kukesha kwa sababu mtu alinijibu "sawa" bila kuongeza neno lingine. Lakini masikio yangu yalikuwa mazima wakati huo, na kisa chenyewe ni cha masikio.

Ninatengeneza visu vya mfukoni, vile vya kukunja. Bapa nalikata kutoka kwa msumeno mkuukuu, na mpini nauvisha pembe ya ng'ombe kutoka kichinjioni, au mti wa mutamaiyu ambao binamu yangu huniletea kutoka Rongai. Kibanda changu cha mabati kimegusana na cha Baba Junior, fundi wa kuchomelea mageti. Tangu ajue nina shahada, hajawahi kuniita jina langu. Ananiita Digrii.

Ujue kwamba kisu cha kukunja kina sauti yake. Kwenye mgongo wake kuna springi, na ukikifungua mpaka mwisho, ile springi inaangukia kwenye pengo lake, tak! Nikisikia hivyo najua kazi imekubali. Kisu kipya hukifungua na kukifunga mpaka Baba Junior apaze sauti upande wa pili: "Digrii, hicho kisu kimeshaelewa! Wachana nacho!"

Basi alasiri moja mvua ilikuwa inapiga mabati hadi huwezi kujisikia ukipumua. Nikainua macho kutoka kwenye jiliwa nililobania bapa, nikaona mzee ameketi kwenye kiti cha wateja. Rika la baba yangu, koti la kijivu, uso wa mtu wa kawaida kabisa. Aliniamkua kwa sauti ya chini sana, kama mtu aliye kanisani, na niamini, nilimsikia kila neno. Mvua yote ile, na nilimsikia.

Aliweka pembe nyeusi mezani. "Nataka kisu, mpini uwe wa hii. Na kisilie."

"Kisilie aje, mzee?"

"Kikifunguka kisilie. Kuna mtu amelala. Sitaki aamke."

Nikajaribu mzaha. "Si umngoje tu aamke, mzee?"

Hakucheka. "Huyo usiku anawaza. Mchana ndio analala."

Wakati huohuo Baba Junior akaangusha chuma kizito ng'ambo ya ukuta. Mimi niliruka, chai ikanimwagikia. Mzee hata kope haikucheza. Nikapita nyuma yake kana kwamba natafuta tupa, nikagonga meza kwa nyundo. Hakugeuka. Nikagonga tena, kwa nguvu. Wapi! Kisha nikanong'ona, "Mzee." Akageuka mara moja na kuniuliza nasemaje.

Sasa nikuulize wewe: ni kiziwi gani anasikia mnong'ono na hasikii nyundo?

Alipoondoka nilimwendea Baba Junior. Alikuwa amesimama mlangoni pake akingojea mvua ipungue.

"Umeona huyo mteja wangu ameenda upande gani?"

"Mteja gani? Mimi nimekusikia ukiongea peke yako, nikasema ni yale mambo ya chuo."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungeirusha ile pembe kwenye taka, najua. Mimi nililala macho wazi nikiipima hiyo habari kila upande. Nikimkatalia, ataenda kwa fundi mwingine, na huyo fundi hatauliza kitu. Kisu kitatengenezwa, na mtu fulani aliyelala hatasikia kinapofunguliwa. Nikaona njia ni moja tu. Kisu nitakitengeneza mimi, na kitalia kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Mtu ambaye hasikii nyundo atajuaje?

Lakini huyo aliyelala ni nani? Nilifikiria wote wanaolala mchana. Nilifikiria wauguzi. Nilifikiria wapishi wa mikate. Nilienda hadi kwa soja anayelinda ploti yetu usiku, nikamsihi afunge mlango kwa ndani akilala. Akaniuliza nimeanza kuhubiri lini.

Kazi yenyewe ilinitisha. Pembe ukiipiga tupa hunuka kama nywele zilizoungua, fundi yeyote atakuambia. Ile haikunuka. Na tupa haikutoa sauti. Niliona vumbi jeusi likianguka, mkono wangu ukienda na kurudi, na masikioni hakuna kitu. Nikaunganisha kisu, nikakifungua. Kimya. Nikabadilisha springi, nikaweka nene zaidi. Kimya. Bapa lilikuwa linafunguka kama mdomo wa samaki.

Kwa hivyo alichotaka kilikuwa tayari mikononi mwangu. Ningekiacha hivyo ningekuwa nimemaliza kazi ya mteja, na nisingekuwa nimedanganya mtu. Nikakiweka mezani, nikakitazama. Kisha nikakibomoa. Niling'oa ile pembe pande zote mbili, nikaitupa ndani ya debe, nikachambua gunia langu mpaka nikapata pembe ya ng'ombe nyeusi inayofanana nayo. Nikailainisha kwa msasa, nikaipaka mafuta. Pengo la springi nikalichonga kingo kali, bila huruma. Nikafungua.

TAK!

"Digrii!" Baba Junior akapiga kelele. "Hicho ni kisu ama ni mlango wa lori?"

Sijawahi kufurahia matusi namna hiyo.

Mzee alirudi siku iliyofuata, wakati uleule wa alasiri. Akakishika kisu, akakigeuza, akakifungua mbele ya uso wangu. Tak! Ng'ambo nilimsikia Baba Junior akicheka. Mzee yeye alikuwa ananitazama mdomo.

"Kinalia?"

Mimi hata kumdanganya mama kwamba simu yangu ilizima huwa nafanya mazoezi kwanza. Lakini jibu lilitoka bila kukwama.

"Hakilii, mzee."

Akashukuru kwa adabu, akaenda.

Usiku huo sikupata usingizi. Nilikuwa namwaza huyo mtu wa watu, nani, wapi, kama atasikia. Kulipopambazuka nilikuwa hoi. Kufikia saa za chakula cha mchana nilifunga komeo la kibanda kwa ndani, nikatandika godoro langu dogo chini ya meza ya kazi, nikalala kwa ubavu wa kulia, kama ninavyolala kila mchana.

Sasa umeelewa? Mimi sikuelewa. Mimi ninayewaza kila kitu, hilo halikunijia hata mara moja.

Tak!

Ilikuwa karibu na sikio langu la kushoto kabisa. Nilifungua macho. Mzee alikuwa amepiga magoti kando yangu, kisu wazi mkononi, na bapa lilikuwa limefika shingoni. Akaona nimeamka. Akakitazama kisu, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukawa na huzuni ya mzazi aliyedanganywa na mwanawe.

"Uliniambia hakilii."

Sijui nilipata wapi sauti. "Kinalia," nikamwambia. "Nilikitengeneza kilie." Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikausukuma na kumwita Baba Junior kwa nguvu zote. Ule mkono ulikuwa na joto kama wa mtu yeyote. Ulinisukuma, nikausukuma, kisha ghafla nikajikuta nasukuma hewa.

Baba Junior alivunja komeo na kuingia na kinyago chake cha kuchomelea usoni. Alinikuta nimeshika nyundo, kisu kiko sakafuni, na hakuna mtu mwingine. Hakutania. Aliketi nami mpaka giza likaanza kuingia. Tulipolitazama debe, halikuwa na ile pembe wala vumbi lake.

Tangu siku hiyo sikio langu la kushoto linasikia watu tu. Ukininong'oneza upande huo nitakusikia. Lakini mvua siisikii, wala injini, wala mlango ukifungwa. Daktari alinipima akasema sikio ni zima. Tukivuka barabara Baba Junior hutembea kushoto kwangu: "Digrii, boda! Simama!" Mara mbili ameniokoa, na hajaacha kunisimanga kwa hilo.

Bado natengeneza visu. Silali tena mchana, na nimejifunza kulala usiku, kidogo kidogo, kwa ubishi. Nawe ukiwa fundi wa chochote, iwe mageti au viatu, mteja akikuomba uondoe sauti kwenye kitu kilichoumbwa kulia, usikimbilie kukubali. Ukija kwangu na ombi kama hilo, hata ukiwa ndugu yangu wa damu, nitaweka chombo chini na kukuuliza kwanza nani amelala.