Kiraka na Shuka la Watu Wawili

Kwenye timu ya taifa walimwita Kiraka, na kwenye chumba cha dobi cha hospitali walimwita Kiraka. Mtu wa pasi asipofika, aitwe Kiraka. Mkimbiaji akiumia, aitwe Kiraka. Alikuwa ameshasafiri na timu mara kadhaa, na muda wake haukuwahi kuhesabiwa hata mara moja.

Maana ubingwa wa dunia wa nusu marathoni una washindi wa aina mbili. Kuna mtu mwenyewe, na kuna nchi. Nchi inapeleka wakimbiaji wanne, inajumlishiwa muda wa watatu wanaotangulia. Wa nne hata aje akitambaa, hakuna wa kumuuliza. Kiraka alikuwa wa nne.

"Mwaka huu je?" aliuliza Mama Pacha, mwenzake wa kukunja mashuka.

"Nisipohesabiwa mwaka huu, naacha."

"Uache? Ukimbie wapi sasa, kwenye korido na kikapu cha foronya?"

Wakacheka, wakasogeleana, wakakutanisha pembe. Shuka la hospitali hukunjwa na wawili. Ukivuta kabla ya mwenzako, linamponyoka, na lililogusa sakafu linarudi kwenye mashine. Ndiyo maana Kiraka alizoea kutazama mikono ya mwenzake kabla hajafanya lolote.

Siku ya mbio, wawili wa timu yao walichomoka na kundi la mbele. Nyuma walikuja Kinda, mdogo kuliko wote kwenye timu, na Kiraka ubavuni mwake. Walikwenda bega kwa bega mpaka meza ya mwisho ya maji. Hapo Kinda akajishika mbavu. Kichomi.

Kiraka akapunguza mwendo. Hakuamua, miguu yenyewe ilipunguza. Akawa anatazama mikono ya Kinda.

Mbele yao fulana ya kijani, mkimbiaji wa tatu wa timu waliyokuwa wanagombea nayo shaba, ilizidi kuwa ndogo. Kocha alikuwa nje ya kamba, sauti imemkauka. "Mwache! Kiraka, mwache!"

"Twende, mdogo wangu, taratibu," Kiraka akasema.

Kinda, aliyechoka kusikia hadithi zake za dobi, akamgeukia kwa hasira. "Dada, kwani mimi shuka? Niachie! Nenda!"

Akamwachia. Akaenda kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Fulana ya kijani aliipita kwenye kona ya mwisho, akavuka mstari, akaegemea uzio na kutapika maji matupu.

Kinda alifika akichechemea, akakaa chini karibu naye. Matokeo yakasomwa. Shaba, kwa sekunde chache.

"Wa tatu wenu ni nani?" mwandishi wa habari akauliza.

"Huyu, Kiraka," Kocha akajibu.

"Jina lake kamili?"

Kocha akakuna kichwa, akamwinamia. "Eti, jina lako la shuleni nani?"

Kinda akacheka huku ameshika mbavu.

Kiraka aliporudi kazini, Mama Pacha aliivaa ile medali kidogo, akaitundika kwenye bomba, wakashika shuka la kwanza. Kiraka akavuta. Likamponyoka mwenzake, likaanguka.

Wakalitazama.

"Hilo linarudi kwenye mashine," alisema Mama Pacha. "Na utalirudisha wewe, bingwa."

Kiraka akaliokota.