Filta ya Dizeli na Safari ya Mariakani

Pikapu yangu ya milango minne ilianza kuchoka Ijumaa nikirudi kutoka Kilifi na tangi la maji nyuma. Barabara ikiwa tambarare ilikwenda vizuri, lakini kila nilipokanyaga mafuta nipite lori, injini ilikwama kama mtu anayevuta pumzi kupitia kitambaa. Nilifika nyumbani Barani, hapa Malindi, kwa gia ya tatu, na taa ya njano ya filta imewaka mbele yangu. Nilijua maana yake. Dizeli ilikuwa imeadimika wiki ile, nikanunua ya madumu kwa mtu wa kando ya barabara, na dizeli ya madumu haina mdhamini. Maji yalikuwa yameingia.

Siku nyingine ningempigia fundi wangu simu nikalala. Lakini fundi alikuwa kwao bara kwa mazishi, na Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeahidi kumpeleka mama mkwe Mariakani.

Safari hiyo haikuweza kungoja. Mama mkwe anakaa Tezo, ana shamba la mihogo na mikorosho michache. Dada yake mkubwa alikuwa akiishi peke yake Mariakani, ambako aliuza maziwa sokoni tangu ujana wake, na sasa macho yalikuwa yanamwacha. Mama mkwe alikuwa amemsihi miaka mingi aje wakae pamoja Tezo, na miaka hiyo yote dada alikataa. Wiki ile alijimwagia maji moto mguuni. Hakuungua sana, lakini alipiga simu mwenyewe akasema, "Njooni mnichukue." Mama mkwe alikuwa kwetu Malindi kuwaona wajukuu. Alipoipata ile simu alisema, "Leo amekubali. Jumatatu atakuwa amekataa."

Niseme kidogo juu yangu mimi na mama mkwe. Mimi ni mtoto wa mjini, kazi yangu kufunga matangi na mabomba ya maji. Yeye amelelewa katika desturi ambayo mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hatukupeana mikono hata siku ya harusi. Akija kwetu hula ndani na watoto, mimi hula barazani. Maneno yetu mengi hupitia kwa mke wangu. "Mwambie mumeo mvua yaja, aingize vyombo vyake," atasema, nami nimesimama pale pale. Zaidi ya salamu, sidhani tulikuwa tumewahi kuzungumza wawili peke yetu.

Asubuhi ile mke wangu alikwenda kazini Watamu, hotelini, na watoto wakaenda chuoni kusoma Kurani. Tukabaki wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari lina nini?" Alikuwa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye banda la kuku.

"Limemeza maji. Nabadilisha filta, kisha twende."

"Haya."

Filta mpya nilikuwa nayo, imelala kabatini muda mrefu. Niliwahi kumwona fundi akiifanya kazi hiyo, nikadhani kuona kunatosha. Filta yenyewe ni kopo la chuma linalokazwa chini ya kichwa chenye pampu ndogo ya mkono juu yake. Ya zamani ilikataa kufunguka kwa mkono, nikaizungushia kipande cha tyubu kuukuu, ikakubali, na dizeli ikanimwagikia hadi kwenye kiwiko. Iliyobaki niliimimina ndani ya chupa ya jemu. Chini ya chupa maji yalijitenga, na chini ya maji kulikuwa na tope kama machicha ya chai. Nilipaka dizeli mpira wa duara wa filta mpya, nikaikaza, nikaanza kupampu.

Pampu ile hulegea filta ikiwa na hewa, na hewa ikitoka huwa ngumu. Hewa naijua, ndiyo inayonitesa kwenye mabomba kila siku. Nilipampu mpaka kidole gumba kikafa ganzi, pampu bado laini. Nikafikiri labda stata ikiizungusha injini itaivuta dizeli. Lakini nilihitaji mtu wa kuzungusha ufunguo huku nikilegeza parafujo ya kutolea hewa, na majirani walikuwa wameshatoka.

"Wamtafuta mtu?" aliuliza mama mkwe.

"Wa kuzungusha ufunguo tu, mama."

Alifunga leso yake vizuri, akaja, akapanda kiti cha dereva. Alikaa wima, mikono mapajani, asiguse usukani. Nilimwonyesha ufunguo nikiwa nje ya mlango, mbali kidogo.

"Nikigusa hapa halitaondoka nami?"

"Haliondoki. Gia haimo, na gurudumu nimelitia jiwe."

Nilirudi mbele. Boneti ilikuwa juu, imetukinga. Sikumwona, hakuniona.

"Mama, tafadhali zungusha."

Stata ililia. Povu likatoka kwenye parafujo.

"Basi, mama. Tafadhali."

Tulirudia, tukarudia tena. Mara ya kwanza niliweka "tafadhali" huku na huku. Baadaye nilikuwa napaza sauti, "Piga! Acha! Acha!" kama niko na mwanafunzi wa kazi, naye anajibu, "Nimeacha!" Nilipotambua ninavyomwamrisha, nilishika spana bila kuitumia.

Ndipo aliposema, kutoka nyuma ya boneti, "Gari hili ndilo lililomleta baba yenu nyumbani."

Baba mkwe alifia hospitalini. Ni mimi niliyemchukua hadi Tezo.

"Ndilo, mama."

"Siku ile nilikaa naye kule nyuma. Uliendesha polepole. Kila tuta ulilipita kama umebeba mayai. Niliona. Sikukwambia ahsante. Singeweza kukwambia mbele za watu, na peke yetu hatukai."

Nilisema, "Alikuwa baba yangu pia." Kwa bahati hakuiona sura yangu, nami sikuiona yake.

"Nipige tena?" aliuliza.

"Piga, mama."

Stata sasa ilikuwa inajikokota, betri ilichoka. Mama mkwe alishuka. "Acha kwanza. Ule," akasema, akaniletea barazani sahani ya mihogo ya kuchemsha na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Yeye akaingia ndani.

Nilikula nikiitazama filta ya zamani niliyoiweka kwenye ngazi. Juu yake kuna mfereji wa kukalia mpira wake. Mfereji ulikuwa mtupu. Niliacha muhogo, nikaenda kupapasa chini ya kichwa cha filta baada ya kuifungua ile mpya. Mpira wa zamani ulikuwa umeganda pale juu. Nilikuwa nimekaza mpira juu ya mpira, na hewa ikawa inapita katikati ipendavyo, kama mwenye nyumba.

Niliubandua kwa ukucha, nikapangusa, nikakaza upya. Safari hii pampu iliniumiza kiganja kwa ugumu. Nikamwita. Povu lilitoka, kisha dizeli safi. Nilikaza parafujo.

"Piga!"

Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima, kisha ikashika. Mama mkwe hakuachia ufunguo hadi nilipopiga kelele, na alipoachia, kiwiko chake kilibonyeza honi, kuku wote wakatawanyika.

Nilidhani baada ya hayo atakaa mbele nami. Alifungua mlango wa nyuma akakaa pale anapokaa siku zote. Tulipita Kilifi, tukakata kuelekea Kaloleni, na kwenye vilima vya huko injini ilivuta bila kulalamika. Hatukusemezana.

Mariakani tulifika mchana umeshageuka. Dada mtu alikuwa kitandani, mguu umefungwa bendeji, masufuria aliyokuwa ameyafungasha yamerudi kwenye rafu.

"Nilisema asubuhi," alisema. "Asubuhi imepita. Siendi."

Mama mkwe hakumbembeleza. Alivua viatu, akaomba maji, akaanza kumsimulia jinsi alivyoliwasha gari.

"Wewe?"

"Mimi. Kwenye kiti cha dereva."

"Mwongo."

"Muulize mkwe wangu."

Nikasema ni kweli. Yule bibi alicheka hadi akashika ubavu, akataka aonyeshwe. Alitoka akijishikilia ukutani, akapapasa usukani, akapapasa ufunguo. "Liwashe tena," akamwambia mdogo wake, na mama mkwe akaliwasha, mara hii bila honi. Dada mtu alisimama pale akiisikiliza injini kwa muda, mkono juu ya boneti yenye joto.

"Basi leteni hilo godoro," akasema. "Na debe langu la maziwa lisiachwe."

Yuko Tezo mpaka leo. Wanagombana juu ya kuku, juu ya chumvi, na juu ya nani aliyelala na mlango wazi. Macho alifanyiwa upasuaji, jicho moja likapona, na kwa hilo moja humwona kila anayepita shambani.