Mbegu ya Maziwa

Minza siku hizo aliamka akiwa amechoka. Tangu biashara iachiwe huru, maduka ya Sumbawanga yalikuwa yamefurika ndoo za plastiki, sabuni za unga na maziwa ya kopo, na mjane huyu wa Kisukuma, aliyehamia kata ya Malangali mjini humo na ng'ombe wake, akajikuta anashindana na makopo. Tegemeo lake lilikuwa Kulsumu, mwenye hoteli karibu na soko, aliyenunua maziwa yake ya mgando. Naye alishaanza kunung'unika.

"Mama Sayi, kibuyu chako kinanuka moshi. Wateja wanataka usafi."

Kibuyu hicho Minza alitoka nacho kwao. Kilisuuzwa kwa maji ya baridi tu na kufukizwa moshi, na chini hakikukosa mabaki ya jana, ndiyo mbegu ya kugandishia ya leo. Lakini siku hiyo, kwa uchungu wa kuitwa mchafu, alikisugua kwa sabuni ya unga, akakimwagia maji yanayochemka. Haya, usafi si ndio huo?

Haukupita muda, maziwa mapya aliyotia humo yakaanza kutoa povu na kunuka. Kulsumu akayarudisha.

"Yakija hivi tena, nahamia kwenye kopo. Usinichukie, mama."

Minza akachukua kibuyu, akajikokota hadi kwa Hellena, mtaalamu wa mifugo wa kata, akamsimulia alivyokiosha. Hellena akanusa kibuyu, akatikisa kichwa.

"Mbegu umeiua, mama. Kwenye mgando wako kulikuwa na bakteria wanaotengeneza vipande vidogo sana vya protini. Vipande hivyo vikisaidiana na uchachu, bakteria waharibifu wanakufa. Viwandani huko ng'ambo wanavitia kwenye jibini isioze. Wewe wa kwako umewapika."

"Nitawapata wapi tena?"

"Kwa mtu uliyewahi kumgawia."

Minza alimgawia mtu mmoja tu, binti yake Sayi, alipoolewa kijiji cha Kate na Isdori, Mfipa mkulima wa maharage asiye na ng'ombe hata wa dawa. Alimpa kibuyu kidogo kwa sababu ndiyo desturi, kisha akasusa. Tangu harusi hakukanyaga kwa mkwe huyo, hata Sayi alipojifungua. Moyo wa mzazi nao una ukaidi wa ajabu.

Akapanda lori la mahindi, akashuka Kate mgongo ukimuuma. Sayi alikuwa uani anapepeta maharage.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuwa na nguvu za kuzungusha maneno. Akaeleza shida yake yote akiwa bado amesimama. Sayi akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akammiminia kwenye kikombe. Mgando ulikuwa mzito, wenye uchachu ule ule wa kwao. Minza akanywa, akashusha pumzi. Hoteli ya Kulsumu haijampotea.

"Ng'ombe hamna. Mbegu umeitunzaje?"

"Nanunua maziwa kwa jirani, nakiongezea. Hata tukilala bila mboga, kibuyu hakikosi maziwa. Nilitaka siku ukija kutuona, ukute maziwa ya kwetu."

Minza akaweka kikombe chini kwa aibu.

"Si nimekuja, mwanangu."

"Umefuata mbegu, mayu," Sayi akasema taratibu, akaanza kummiminia ya kuondoka nayo.