Kelele Tulizomnyima Mwenye Gemu

Mwaka jana nilikwenda Kibondo kumtembelea dada yangu, nikawakuta wanawe wamebanana kwenye kochi, vichwa vinagongana juu ya simu moja. Walikuwa wanatazama kampuni ya nje ikionyesha mashine yake mpya ya gemu. Jukwaa limewaka taa, bwana mmoja anatembea huku na huko kama mhubiri wa mkutano wa injili, na kila akinyoosha mkono picha inabadilika nyuma yake. Onesho lilipokwisha vijana wakaanza kubishana. Mmoja anasema kampuni imeua, mwingine anasema imebuma, bei hawakutaja na gemu lenyewe ni lile la zamani limepakwa rangi. Mwisho wakanigeukia. "Mama mdogo, wewe unaonaje?" Waliuliza kwa kunitania, maana walijua hata kushika pedi ya kuchezea sijui.

Nikawaambia warudishe nyuma wanionyeshe watu waliokaa kwenye viti. Onesho la gemu, niliwaambia, haliangaliwi jukwaani, linaangaliwa kwenye nyuso za waliokaa. Wakatazamana. Mama yao alikuwa mlangoni anachambua mchele.

Hao sikuwaeleza. Wewe nitakueleza, rafiki yangu, maana jambo hili nimelibeba tangu utotoni na sijachoka kulibeba.

Tulikulia Kasulu, upande wa barabara ya kwenda Kabanga, miaka ya tisini. Kama uliwahi kuishi nyanda zile unazijua asubuhi zake: ukungu umelala mabondeni, udongo mwekundu unang'ang'ania miguu, moshi wa kuni unapenya kwenye nyasi za paa. Bibi alitwanga muhogo kukiwa bado giza giza, na mdundo wa mchi wake ndio uliotuamsha. Tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na lori la Kigoma likifika tulipata mgebuka mkavu, samaki wa ziwani, bibi akaupika na sombe, majani ya muhogo, hadi jirani akajikuta ana shida ya kuomba moto kwetu.

Bibi alivuka kutoka Burundi na baba akiwa kijana anayeanza kuota ndevu. Sisi tulizaliwa Kasulu. Kiha cha majirani na Kirundi cha nyumbani tulivichanganya hata wenyewe hatukujua kimoja kinaishia wapi. Lakini miaka ile wakimbizi wapya walikuwa wanamiminika, makambi yanajaa, na neno mkimbizi likageuka tusi. Mtu akikuita hivyo mbele ya askari ungeweza kupakiwa kwenye lori ukapelekwa kambini, hata kama kahawa yako imezaa miaka na miaka. Baba alilijua hilo. Alitembea ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi.

Mtaani kwetu alikuwapo bwana tuliyemwita Mwenye Gemu. Alianza kama fundi redio, kisha akapata wazo la kutengeneza mashine za gemu. Vitu vya ndani aliagiza Dar es Salaam, makasha akayaunda mwenyewe kwa mbao za mninga, akayapiga msasa na vanishi mpaka ukajiona usoni mwake. Sitamdhulumu hata leo: mashine zake zilikuwa nzuri. Aliziwasha kwa jenereta katika kibanda nyuma ya duka, na sisi watoto tulilipa kwa kumchotea mkewe maji. Ndoo moja, zamu moja. Njia ya kisimani ilijaa watoto waliokuwa hawajawahi kuwachotea mama zao maji bila kufokewa.

Hakuna aliyecheza kama dada. Alikuwa darasa la saba, mrefu, mpole, na vidole vilivyozoea kuchambua maharage vilikimbia juu ya pedi hata macho yako yasiweze kuvifuata. Wala hakuwa na choyo. Alitufundisha wote, watoto wa Waha na sisi wa Warundi, wapi pa kuruka na wapi pa kungoja. Akicheza yeye, kibanda kilipiga kelele hadi walevi wa kilabu cha pombe walikuja kuuliza nani amekufa.

Kisha ikapotea kaseti ya gemu, ile tuliyoipenda kuliko zote. Mwenye Gemu hakuuliza wala hakutafuta. Siku ya soko alimkamata dada mkono, akamburuta hadi katikati ya wauza nyanya, akampigisha magoti kwenye kokoto na kumvika shingoni kasha tupu la ile kaseti kwa kamba ya katani.

"Mtazameni mwizi," alisema. "Hawa wakimbizi ukiwapa mkono wanachukua na bega."

Nilikuwa nimesimama karibu na kikapu cha bibi. Niliona magoti ya dada yanatoka damu. Niliona mwalimu wetu akipita, akatazama, akaendelea na safari yake. Baba aliitwa kutoka shambani, akafika na jembe begani. Nilidhani atampiga yule bwana. Badala yake aliweka jembe chini, akavua kofia, akamwomba radhi. Akaomba radhi mara ya pili, kwa sauti ya juu zaidi, kwa sababu Mwenye Gemu alisema hakusikia.

Jioni nilimuuliza baba kwa nini. Alikuwa anamkanda dada magoti kwa maji ya moto.

"Angeita askari," alisema. "Askari angeuliza karatasi. Mwana wanje, mwanangu, tungelala wapi leo?"

Shuleni dada alipewa jina. Walimwita Kaseti. Waliliandika kwa chaki mlangoni, wakaliimba wakati wa mapumziko, na wengine waliokuwa wakiliimba ni wale aliowafundisha kucheza. Kabla ya mtihani wa mwisho aliacha kwenda. Baba alimbembeleza, bibi akamgombeza. Akachukua jembe.

Majira ya kuvuna maharage, mke wa Mwenye Gemu alikuja kwetu kununua sombe. Alikuwa mama mwema, na siku ile hakutaka kuketi.

"Kaseti imerudi, mama," alimwambia bibi. "Ilikuwa Kibondo. Aliiacha mwenyewe kwa nduguye, akasahau. Dereva wa lori ndiye aliyeileta."

Bibi aliendelea kufunga majani. "Amesema kwa watu?"

"Hajasema."

"Atasema?"

Yule mama alitazama chini. "Namjua mume wangu."

Bibi alimpa sombe yake na kumsindikiza hadi barabarani kama ilivyo adabu. Aliporudi alitukuta tumesimama. Dada alisikia kila neno. Alikwenda nyuma ya nyumba, akaendelea kupura maharage kwa fimbo, na nakuambia yale maharage yalipigwa siku ile. Bibi alisema jambo moja tu: "Adui mwombee njaa." Halafu akakaa kungoja njaa yenyewe.

Ilikuja mwezi wa nane, wakati wa maonesho. Uwanja wa mpira ulijengwa vibanda vya nyasi na maturubai, vumbi likapanda, wakulima wakaleta maboga ya kutisha na mikungu ya ndizi inayobebwa na watu wawili. Wafanyabiashara walifika kutoka Kigoma, Kibondo na Kahama. Mwenye Gemu alikuwa amekodi banda kubwa. Amekopa, ameuza ng'ombe, ametengeneza makasha chumba kizima, na alitaka wafanyabiashara wale wayabebe kwenda kuyauza katika miji yao. Siku moja kabla alipita mtaani na katoni za biskuti.

"Kesho mje wote," alituambia pale kisimani. "Kuingia bure, biskuti bure. Kazi yenu ni kupiga kelele kama mnavyopiga kibandani. Mgeni akisikia kelele za watoto anajua mchezo ni mtamu."

Akaondoka akipiga mluzi. Nilibaki na ndoo yangu. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba mtu yule ametuonyesha mwenyewe mahali pa kumshika.

"Tusimpe," nilisema.

Mvulana mmoja wa jirani, Muha, aliuliza tusimpe nini. Nikawaeleza habari ya kaseti na Kibondo. Wakatazama ndoo zao, maana nusu yao walikuwa wameimba lile jina.

"Na biskuti?" akauliza mwingine.

"Biskuti tule. Kelele tusimpe."

Kufika jioni habari ilikuwa imezunguka hadi kwa kwaya ya watoto ya kanisani, na kwa watoto waliokuja na wazazi wao kutoka Rungwe Mpya kuuza mihogo. Dada hatukumwambia.

Kesho yake tulijaa. Tuliketi chini kwenye mikeka mbele, tumenawa, tumepakwa mafuta, biskuti mikononi. Nyuma yetu wafanyabiashara kwenye viti. Jenereta inanguruma nje, televisheni kubwa inang'aa, mashine ya mninga imewekwa juu ya kitambaa cheupe. Mwenye Gemu alivaa suti. Alishika kipaza sauti akaeleza vizuri sana, na mashine haikukosea hata kidogo. Picha safi, muziki safi. Aliwaita watoto wawili wakacheza. Walicheza vizuri, mmoja akashinda, akaweka pedi chini kwa adabu, akarudi kuketi. Ungesikia mtu akitafuna.

Mwenye Gemu alicheka peke yake. "Leo wameona haya," akasema. Akaita wengine. Wakacheza, wakaketi. Akabadilisha kaseti, akaweka ile ile iliyosemekana kuibwa. Nilipousikia muziki wake nilijaza biskuti mdomoni. Mfanyabiashara wa Kahama, mzee mnene mwenye barakashia, aliinama kwa mtoto wa mbele yake.

"Mjukuu wangu, mchezo mtamu?"

"Shikamoo," akajibu mtoto. Hakuongeza kitu.

Jasho lilimtoka Mwenye Gemu kwenye kola. Akatusihi, akatutania, akaahidi biskuti nyingine. Mwishowe akasahau kwamba ameshika kipaza sauti. "Nyie watoto wa wakimbizi mmelishwa nini leo?" Sauti ikatoka uwanja mzima. Mama zetu, wakimbizi kwa wasio wakimbizi, wakageuka kwenye maboga na karanga zao.

Hapo ndipo alipomwona dada. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, ndoo kichwani, amepita tu kupeleka maji kwa muuza chai.

"Kumbe ni wewe uliyewafunga midomo," Mwenye Gemu alisema.

Dada hakujua hata anashtakiwa kwa lipi. Mzee wa Kahama akageuka kuuliza binti huyo ni nani. Mama mmoja muuza karanga akamjibu bila kunyanyua macho: "Ndiye aliyepigishwa magoti sokoni kwa wizi wa hiyo kaseti inayolia hapo."

Baadaye nilijibanza kwenye banda la chai kusikia hukumu. Mfanyabiashara wa Kigoma alisema onesho limefanikiwa, mashine imara, na bwana anajua kazi yake. Mzee wa Kahama alipuliza chai yake.

"Imara kwa nani? Uliona mtoto hata mmoja ametabasamu? Mimi nauza vitu vya watoto. Mkubwa utamdanganya kwa vanishi, mtoto humwezi."

Hawakuchukua hata moja.

Jua likizama Mwenye Gemu alikuja kwetu, suti imejaa vumbi. Kesho ilikuwa siku ya mwisho ya maonesho. Alikaribishwa kigoda. Akasema alikosea, kaseti ilipatikana, anaomba yaishe, na watoto warudi kesho wawe kama kawaida yao.

Bibi alimtazama baba. Baba akanyoosha shingo, na nilishangaa kuona kumbe baba yangu alikuwa mrefu.

"Ulimpigisha magoti sokoni," alisema. "Kamwombe radhi sokoni. Kipaza sauti unacho."

"Mbele ya watu, mzee?"

"Mbele ya walewale."

Mwenye Gemu alimtazama dada, labda akitumaini binti atamwonea huruma. Dada alikuwa anapakua ugali. Alimwekea na yeye sahani, kwa sababu mgeni hafukuzwi na njaa, kisha akageukia chungu chake. Yule bwana aliinuka bila kula. Nilikula mimi sehemu yake. Sijawahi kula ugali mtamu kama ule.

Hakwenda sokoni. Siku ya mwisho hatukwenda kabisa, na banda lake lilikaa wazi na muziki unajipigia wenyewe. Mwaka haukuisha akafunga duka, akauza jenereta, akahamia Kibondo. Makasha ya mninga yaliuzwa kwa bei ya mbao. Bibi alilinunua moja, akawa anatunzia chumvi.

Ningependa kukuambia kwamba dada alirudi shule. Hakurudi. Jina la Kaseti lilidumu mpaka alipoolewa, nako kuolewa kukampeleka Kibondo, mji uleule, akawa anauza mboga sokoni na yule bwana akawa mteja wake. Siku moja, akiwa mzee tayari, alisimama mbele ya meza yake akamwomba radhi, watu wanapita na vikapu. Dada akamwambia yamekwisha. Yule bwana alipofariki, dada alikwenda msibani na maharage, akakesha na wanawake wenzake jikoni. Alinipigia simu nije. Nikamwambia nina kazi.

Nikipita Kasulu siku hizi sikuti kitu. Uwanja umejengwa, kisima kimefukiwa, palipokuwa na nyumba ya bibi umebaki mgomba mmoja. Watoto wa mikeka ile wametawanyika, wengine walipata uraia, wengine walirudi Burundi, wengine sijui. Dada ananiambia niache, kwamba yeye mwenyewe alishasamehe. Namjibu kwamba alisamehe yake, magoti yalikuwa yake. Baba alikufa hajaombwa radhi na mtu, na ile kofia aliyoivua mbele ya wauza nyanya hakuivaa tena.