Mtihani Maalumu wa Silantoi

Kwao Silantoi ni Olkokola, upande wa magharibi wa Mlima Meru, mahali ambapo shamba la mwisho likiisha, msitu unaanza. Mama yake alikwisha kufariki. Kaka yake Solomoni yuko machimboni Mererani, na kwa kawaida nyumbani huonekana Krismasi. Kwa hiyo mzee Lengai, baba yao, alibaki na ng'ombe wake wachache, kondoo na mahindi, na binti mmoja aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo cha serikali hapa Arusha, akisomea maendeleo ya jamii.

Julai ya mwaka huo baridi ilikuwa kali. Ukungu ulikuwa ukishuka na kukaa mashambani kama umehamia. Jumapili moja asubuhi, mzee Lengai alienda kuangalia mahindi yake kabla ya ibada, asijue kwamba nyati alikuwa amelala humo humo. Majirani walisikia mbwa wakibweka kwa namna isiyo ya kawaida. Walipofika walimkuta mzee chini, paja limevunjika na mbavu zimeumia, lakini anaongea. Alichokuwa anauliza ni kama ng'ombe wamefunguliwa.

Silantoi alipigiwa simu akiwa hosteli, vitabu vimetandazwa kitandani. Mitihani ya semista ya pili ilikuwa inaanza kesho yake. Hakufunga begi wala hakuaga. Alitoka na kandambili, na jioni alikuwa amekaa kando ya kitanda cha baba yake hospitalini, akimshikia kikombe cha uji.

Anayejua kuuguza mtu aliyevunjika paja anajua kwamba kazi hiyo haina mapumziko. Kulisha, kufuta, kugeuza taratibu, kukimbilia dawa, kumbembeleza mgonjwa mkaidi anayetaka kwenda nyumbani. Jumatatu ikapita, na mtihani wa kwanza ukapita nayo. Silantoi aliutazama muda wa mtihani ukienda kama mtu anayetazama basi lake likiondoka. Akajisemea moyoni, basi, yameisha. Chuoni kulikuwa na usemi ambao kila mwanafunzi aliurithi kwa waliomtangulia: asiyeingia chumba cha mtihani amedisko, yaani amefukuzwa masomo. Hakuna aliyeuliza usemi huo umetoka wapi. Simu zilipoanza kuingia, Silantoi alizima yake. Aliona aibu. Angemweleza nani kwamba binti wa kwanza wa ukoo kufika chuo amerudi kuchunga?

Aliyekuwa anapiga ni Faudhia.

Faudhia ni binti wa mzee Uwesu, fundi cherehani wa Lemara, Mrangi ambaye wazazi wake walitoka Kondoa zamani na kuzoea Arusha mpaka wakazikwa hapa. Yeye na Silantoi walikutana siku ya kujisajili mwaka wa kwanza, wote wawili wamesimama kwenye foleni isiyo yao. Tangu hapo walikaa dawati moja. Faudhia ni mtu wa maneno mengi na mwendo wa haraka. Alipoona kiti cha rafiki yake ni kitupu Jumatatu, na tena Jumanne, na simu haipatikani, alifanya jambo ambalo darasa zima halikulifanya: alikaa chini akasoma kanuni za mitihani tangu mwanzo hadi mwisho. Jumatano mchana, alipotoka kwenye mtihani, alipanda bodaboda kwenda Olkokola katikati ya manyunyu. Hakuwahi kufika huko. Aliuliza nyumba kwa nyumba mpaka jirani mmoja akamwambia, "Huyo unayemtafuta yuko hospitali na baba yake." Akageuza.

Alipoingia wodini alikuwa amelowa mpaka mtandio. Kabla ya kumsemesha Silantoi alimwinamia mzee.

"Shikamoo baba. Pole sana."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa mzee Uwesu, wa Lemara. Nasoma na Silantoi."

Kisha akamvuta Silantoi mpaka barazani.

"Mbona umezima simu?"

"Niseme nini, Faudhia? Nimeshadisko."

"Nani kakuambia?"

"Si kila mtu anajua."

"Kila mtu hajasoma. Mimi nimesoma. Mzazi akiwa mahututi, unaomba kuahirisha mitihani. Wanakupa mitihani maalumu Septemba, na inahesabika kama ndiyo mara yako ya kwanza. Ila lazima uombe kabla mitihani haijaisha. Ikiisha na wewe umekaa kimya, hapo ndipo unahesabiwa umetoroka."

Silantoi alichungulia wodini. Kisha akauliza, "Na baba nimwachie nani?"

Dirisha la wodi lilikuwa wazi, na mzee Lengai alikuwa amevunjika paja, si masikio. "Nenda," sauti yake ikatoka ndani. "Dada yangu yupo. Mimi sijafa."

Asubuhi iliyofuata shangazi Nkasiogi, dada yake mzee, alishuka kutoka Olkokola na chupa ya uji akashika zamu. Silantoi akaomba uthibitisho kwa daktari, akapanda gari kwenda chuoni akiwa na nguo zile zile za Jumapili.

Mkuu wa idara yao alikuwa Dakta Elinaza, mama mrefu, mpole wa sauti, ambaye wanafunzi walimwogopa kwa sababu hakuwahi kumwongezea mtu maksi. Silantoi alisimama mlangoni akaanza kueleza na kulia kwa pamoja.

"Kaa kwanza," Dakta Elinaza alimwambia. "Umekula?"

"Bado, mwalimu."

Akamsogezea andazi na chai yake mwenyewe, akaisoma karatasi ya daktari bila haraka. Alipomaliza akasema, "Binti, unajua kwa nini kanuni hii ipo? Kwa sababu waliotunga kalenda ya chuo walijua kwamba ugonjwa hausomi kalenda. Usiombe msamaha. Unaomba haki yako." Akamwonyesha pa kuandika na pa kusaini. Kabla ya jua kutua kamati ilikuwa imekubali. Akamwambia, "Nenda kauguze. Septemba nataka kukuona umeketi hapa, umesoma."

Silantoi anasema kwamba alipotoka mle ofisini, alikaa kwenye ngazi. Si kwa uchovu. Alikuwa amejiandaa kubembeleza, hata kupiga magoti, na badala yake alipewa andazi.

Mzee Lengai aliruhusiwa Agosti, akitembelea magongo. Solomoni aliomba ruhusa machimboni akaja kuvuna mahindi na kukaa na baba. Ikabaki shida moja: hosteli hufungwa wakati wa likizo, na Olkokola, pamoja na mgonjwa, mavuno na watu wa kupokea kila siku, si mahali pa kusomea. Faudhia alimweleza mama yake, ambaye mtaa humwita Mama Sophia kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na Mama Sophia hakuuliza maswali. Alisema tu, "Kitanda kipo. Mwambie aje na shuka."

Ndivyo binti wa Kilutheri wa Olkokola alivyohamia kwenye nyumba ya Kiislamu Lemara, cherehani ya mzee Uwesu ikinguruma sebuleni kutwa. Alifundishwa kupika wali wa nazi usiogandamana. Jumapili ya kwanza alijifanya amelala, akiona haya kuuliza njia ya kanisani katika nyumba ya watu. Mama Sophia akamgongea mlango.

"Silantoi! Utachelewa ibada. Nimekupigia pasi gauni lako."

Silantoi akaamka, akalivaa, akaenda.

Walisoma pamoja, kwa sababu Faudhia naye alikuwa na mtihani Septemba. Matokeo ya Julai yalipotoka, alikuwa amefaulu yote isipokuwa Takwimu. Hapo alipata sapu, mtihani wa marudio. "Takwimu imenichapa tu," alisema akicheka, na Silantoi akaamini, maana Takwimu ilikuwa imewachapa wengi.

Siku ya mtihani wa Takwimu waliingia chumba kimoja. Faudhia kama mtu wa marudio, Silantoi kama mtu anayefanya kwa mara ya kwanza. Karatasi ilikuwa moja kwa wote, maswali yale yale. Baada ya wiki chache matokeo yakatoka. Silantoi alikuwa amefaulu masomo yote, na Takwimu alipata B. Faudhia alipata C, kwa sababu kanuni inasema anayerudia mtihani, hata akijibu vizuri namna gani, hapewi zaidi ya C.

Jioni hiyo wakati wa kuosha vyombo, Mama Sophia aliropoka bila kukusudia. "Namshukuru Mungu amemaliza. Maana siku ile aliyorudi kutoka huko mlimani kukutafuta, alifika hapa anatetemeka, homa ikampanda. Asubuhi akaenda kwenye hiyo Takwimu yake hata kalamu haishikiki."

Silantoi aliacha sahani kwenye maji. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa Dakta Elinaza.

"Mwalimu, hii B ni ya Faudhia. Nipeni mimi C."

Dakta Elinaza alivua miwani. Alisikiliza habari yote, ya bodaboda, ya manyunyu, ya homa. "Angeniambia asubuhi ile kwamba anaumwa, angeahirisha kama wewe," alisema. "Alizisoma kanuni zote kwa ajili yako, akasahau kwamba na yeye zinamhusu. Sasa mimi siwezi kubadilisha, na maksi hazihamishwi. Hiyo ni sheria, na ni sheria nzuri. Lakini umefanya vizuri kuniambia. Sasa nimejua Faudhia ni mtu wa namna gani."

Silantoi alimkuta Faudhia uani akianika nguo, akamwambia alichokijua. Faudhia hata hakugeuka.

"Kwa hiyo ulikwenda kuigawa B yako kama pipi?"

"Ulikuwa unaumwa kwa ajili yangu."

"Nilikuwa naumwa kwa ajili ya mvua. Silantoi, sikiliza. C ni kufaulu. Nimefaulu. Ningepata A halafu kiti chako kikae kitupu mwaka wa tatu, ningekaa na nani? Niachie C yangu. Shika upande ule wa shuka, tulikamue."

Wakakamua shuka.

Oktoba, siku chache kabla chuo hakijafunguliwa, gari la kukodi lilisimama mbele ya nyumba ya mzee Uwesu. Akateremka mzee Lengai, gongo moja sasa, shuka jekundu begani, na Solomoni nyuma yake amemshika kondoo dume mnene anayekataa kutembea. Watoto wa mtaa mzima wakajaa.

"Nimekuja naye mzima," mzee Lengai alisema baada ya salamu, "ili mchinje nyinyi wenyewe kwa utaratibu wenu, tule wote sahani moja."

Mzee Uwesu akachukua kisu akaenda kukinoa, na watu waliokuwa karibu wanasema alikuwa anafuta macho kwa mkono wa kanzu. Nyama ikapikwa, nyingine ikachomwa. Walipokuwa wanakula, mzee Lengai alimwita Faudhia, akamwekea kiganja kichwani kama wanavyobarikiwa watoto wa kwao.

"Mimi sikusoma," akasema. "Sijui Takwimu ni kitu gani. Lakini mwanangu alikuwa amepotea mchana kweupe, akiwa amekaa pembeni yangu, na mimi sikumwona. Wewe ulimwona. Ashe oleng, mwanangu. Asante sana."

Faudhia, mtu wa maneno mengi, akainamisha kichwa tu. Mama Sophia akamwongezea mgeni mchuzi, akamuuliza kama pilipili haijazidi, na mzee akasema imezidi, lakini amwongeze tu.