Korongo Wangu na Ukuta wa Jirani

Siku hizi wanangu wananiita artisti, yaani msanii. Wanalisema neno hilo mbele ya wageni, kwa Kifaransa chao cha shule, nami nakaa kimya ili wasijue kwamba linanipendeza. Lakini mwaka ule tulipohamia mlima wa juu ya Bihambwe, kule Masisi, Kongo, mimi nilikuwa tu yule mwanamke mgeni anayepaka mavi ya ng'ombe ukutani. Ndivyo walivyonisema, na uongo hawakusema.

Tulitoka mashariki ya Rwanda kwa miguu: mimi, mume wangu, watoto wanne, ng'ombe tisa, mbwa wa sikio moja, na korongo. Korongo ndiye aliyesafiri vizuri kuliko sisi sote, maana yeye alibebwa kwenye kapu. Kwetu watu wengi walifuga korongo uani. Hauzwi, haliwi, kazi yake ni kutazamwa na kupiga kelele mgeni akitokea. Huyu wangu alikuwa na taji ya manyoya ya rangi ya dhahabu, na majivuno ya mtu anayedhani sherehe yote imeandaliwa kwa ajili yake. Kila asubuhi alicheza uani, mabawa wazi, anaruka na kuinama, na watoto wangu wanaruka na kuinama nyuma yake. Mbwa alikuwa anajificha chini ya ghala. Mbwa yule aliwahi kumfukuza fisi, nawaambia, lakini mbele ya korongo alikuwa si kitu.

Mama yangu ndiye aliyenipa ndege huyo angali kifaranga, miezi michache kabla ya kufa. Aliniachia vitu viwili tu: korongo, na kazi ya mikono yangu. Ndiyo maana nilimpenda ndege yule kupita kiasi, na mume wangu alikuwa ananiambia hivyo kila siku.

Kazi yenyewe ni hii. Unaokota mavi ya ndama asubuhi, bado laini, unayakanda na majivu mpaka harufu iishe. Unachora ukutani kwa kaa la moto lililozimwa, halafu kwa vidole unajenga mistari iliyoinuka: pembe, mawimbi, migongo ya milima. Ikikauka unaisugua kwa jiwe, unatia nyeupe ya udongo, nyeusi ya masizi, na nyekundu. Kwetu nyumba ambayo ukuta wake hauna mistari hiyo tulisema bado haina mama.

Nilipofika Masisi nikaanza na ukuta wangu mwenyewe, nikaaibika. Majani ya milima ile ni mabichi mwaka mzima, na ndama wake wanakula maji zaidi kuliko majani. Kazi ya siku tatu iliteremka ukutani polepole, ikaishia sakafuni. Mume wangu aliingia, akatazama, akauliza kama alete bakuli la kukingia. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Mimi nikikasirika siongei, naosha vyungu, na siku mbili zile hakuna chungu kilichobaki na masizi. Siku ya tatu nikaongeza majivu mara mbili na majani makavu yaliyokatwakatwa, ikashika.

Jirani yetu wa chini alikuwa mama mkulima, mkubwa kwangu kwa umri, wa familia iliyolima mlima ule tangu mababu. Tulisali kanisa moja. Alikuwa mtu wa maneno machache na shamba safi, maharagi yake yamepangwa mistari kana kwamba alivuta kamba. Korongo wangu alipoona mistari ile akaipenda mno. Alikuwa anaingia mwanzo wa mstari, hatua moja, anadonoa mche, hatua nyingine, anadonoa mche, mpaka mwisho, halafu anageuka na kurudi na mstari wa pili.

Mara ya kwanza yule mama alinisalimia, akauliza habari za watoto, ndipo akataja ndege. Mara ya pili hakuuliza habari za watoto. Mara ya tatu alisimama uani kwangu na jembe begani.

“Mama,” akaniambia, “mutu akikupatia ndege, anakupatia na chakula yake? Hii yako iko nakula kwangu.”

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nilimfunga korongo kamba mguuni, akaifungua kwa mdomo. Watoto walimlinda kwa zamu, lakini mtoto anayelinda ndege anayecheza anaishia kucheza naye. Nikawaza: nimlipe nini huyu mama? Nilikuwa nimesikia kanisani kwamba binti yake wa pekee amechumbiwa, na kwamba siku ya yenga, yaani Jumapili, wakwe watakuja kuiona nyumba. Na wiki hiyohiyo yeye na binti walikwenda kijiji cha Kibabi kuwaita ndugu zao. Nyumba yake ilibaki peke yake, na ukuta wa mbele mkubwa, mtupu, unaonitazama.

Basi nikafanya lile ambalo mfugaji tu anaweza kulifanya. Nilichukua mavi mazuri kuliko yote, ya ndama watatu wanaonyonya, nikateremka asubuhi mbili mfululizo, nikamjengea jirani yangu ukuta ambao mama yangu angejivunia. Wala haikunipitia akilini kuomba ruhusa. Kwetu zawadi kama ile huombi ruhusa, unashtukiza, na mwenye nyumba anapiga vigelegele.

Alirudi Alhamisi adhuhuri. Hakupiga vigelegele. Kazi ilikuwa bado mbichi, haina rangi hata moja, na mvua ya jana ilikuwa imeilainisha. Jaribuni kuiona kwa macho yake: umetoka safari, wakwe wanakuja baada ya siku tatu, na yule mgeni ambaye ndege wake anamaliza maharagi yako ameipaka nyumba yako mavi. Aliniita kutoka kule chini kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyoniogopesha.

“Mama, mavi ya ngombe tunaweka mu shamba. Ku nyumba yangu inatafuta nini?”

Nilieleza habari za mama yangu, nikaeleza majivu, nikaeleza rangi zitakazokuja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanionyesha korongo, ambaye wakati huo alikuwa anapita mbele yetu bila haya.

“Siku ya posho jioni, kama ukuta haiyakuwa muzuri, utaikwangua na makucha yako. Na ile ndege njo itakuwa mboga ya bakwe.”

Siku ya posho ni Jumamosi. Nilikuwa na siku mbili na nusu, na Masisi hakuna kitu kinachokauka kwa siku mbili na nusu, hata nguo ya mtoto.

Ijumaa ikapambazuka na ukungu. Nilisimama mbele ya ukuta nikiupepea kwa jani la mgomba kama mjinga. Mume wangu alinishauri nimpeleke korongo kwa ndugu zake wa mbali kabla mambo hayajaharibika, nikamjibu kwamba kama ni hivyo atupeleke wote wawili. Yule mama alikuwa ananitazama kutoka mlangoni. Alitazama muda mrefu, akaingia ndani, akatoka na kapu la maganda makavu ya maharagi. Akayamwaga chini ya ukuta, akayawasha. Maganda ya maharagi hayatoi ndimi za moto, yanafuka polepole na joto lake linadumu. Mkulima analijua hilo. Mimi wa ng'ombe sikulijua.

Tulikaa pale kutwa nzima tukisogeza moto kutoka kona hadi kona na kuchoma mahindi. Hakunisamehe, msidhani. Alisema tu kwamba ukuta ni wake na wakwe ni wake. Lakini mahindi yana namna yake ya kufungua mdomo. Aliniambia anavyoogopa nyumba bila binti yule. Nikamwambia kwamba korongo ndiye kitu pekee chenye uhai nilichobaki nacho cha mama yangu. Alinipa hindi lingine.

Nyekundu sikuwa nayo. Udongo wa kwetu ulikuwa mwekundu, wa pale ni mweusi. Lakini Ijumaa ndiyo siku aliyopita mzee wa mafuta, aliyepanda kwa miguu kutoka Itebero, kule msituni Walikale, na mawese mgongoni, na kila safari alipumzika uani kwetu akanywa maziwa. Alikuwa na unga mwekundu wa mti wa msituni ambao wanawake wa kwao hujipaka siku ya sherehe. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini, halafu akanifungia unga kwenye jani, akakataa chochote isipokuwa maziwa ya pili.

Jumamosi nilitia nyeusi, nikatia nyeupe, na mchana nyekundu ilipoingia, ukuta ulisimama. Nasema bila kujisifu: ulikuwa mzuri, na nilijua ni mzuri. Nikaenda mtoni kunawa mikono.

Niliporudi, korongo alikuwa mbele ya ukuta. Upande wa chini ulikuwa na unyevu bado, na kwenye unyevu kuna wadudu. Alikuwa amedonoa kuanzia mlango hadi kona. Yule mama alikuwa amesimama nyuma yake na panga mkononi, la kukatia kuni, lakini panga ni panga. Nilimtupia ndege ndoo, nikamtukana kwa lugha ya kwetu matusi ambayo mama yangu hakunifundisha, halafu nikakaa chini nikalia.

Yule mama alisogea ukutani. Aliinama kutazama matundu. Ndipo nami nikayaona. Yalikuwa yamenyooka, moja moja, kwa hatua sawa. Ndege alikuwa amezoea mistari ya shamba, na ukutani alifanya vilevile. Nikainuka, nikachovya kidole kwenye nyeupe, nikajaza tundu la kwanza, la pili, la tatu. Yule mama akaweka panga chini. Akaniambia nichanganye na nyekundu pia, maana maharagi yake yana rangi mbili.

Jumapili wakwe walikuja baada ya misa. Mimi nilipeleka maziwa, nikasimama nyuma karibu na jiko. Babu wa bwana harusi alifika mbele ya ukuta akasimama. Alipitisha mkono juu ya mistari, akainama mpaka kwenye vitone, akauliza ni nini. Maharagi, yule mama akajibu. Babu akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akageuka, akamwona korongo uani anacheza na watoto wangu nyuma yake.

“Na ile ndege,” akauliza, “iko ya wale bageni ba Rwanda?”

Nilikikumbatia kibuyu cha maziwa. Yule mama alikuwa anapanga viti, wala hakugeuka.

“Hapana, Papa. Iko ya hapa kwetu.”

Binti aliolewa, hayo ni mambo mengine. Lakini Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza kukamua, mtu aliniita uani. Alikuwa yeye, ameshika miche miwili ya maharagi iliyong'olewa.

“Dada,” akasema, “imekula tena.”

Nilimwomba radhi kwa heshima zote, nikaingia ndani kutafuta kapu la kubebea mavi ya kuweka shambani kwake. Nililia humo ndani kwa furaha ya kuitwa dada, nikajipangusa kwa kitambaa, nikatoka, tukateremka pamoja.